Kabla ya kukodi mashine ya kufyeka mathenge, jua kama itang'oa au itapogoa

MVUA za kwanza zikishanyesha katika nyanda za Marigat, Kaunti ya Baringo, shamba lililosafishwa mathenge wakati wa kiangazi hujieleza lenyewe. Ikiwa miti ilikatwa juu ya ardhi tu, kila kisiki huchipua. Palipokuwa na shina moja husimama fito nyingi zenye miiba, na mwenye shamba hujikuta na kichaka kizito kuliko kile alicholipia kiondolewe. Ikiwa miti iling'olewa pamoja na shingo ya mzizi, nyasi hupata nafasi na mbuzi hurudi malishoni.

Huenda mashine iliyotumika katika mashamba hayo mawili ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni kifaa kilichofungwa mbele yake, na swali ambalo mkulima aliuliza au hakuuliza kabla ya injini kuwashwa.

Swali hilo ni zito kwa sababu mathenge si gugu la kawaida. Mti huu, ambao wataalamu wameujua kwa miaka mingi kama Prosopis juliflora, asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Baringo ulipandwa mapema katika miaka ya 1980 ili kuzuia ardhi isigeuke jangwa na kuwapatia wakazi kuni. Ulistawi kupita matarajio. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019, kwa kutumia picha za setilaiti, ulionyesha kwamba eneo lililofunikwa na mathenge Baringo lilipanda kutoka hekta 882 mwaka wa 1988 hadi hekta 18,792 mwaka wa 2016.

Mnamo 2006 wakazi wa jamii ya Ilchamus walimpeleka mbuzi asiye na meno hadi mahakamani Nairobi, kuonyesha madhara ya maganda matamu ya mti huo kwa mifugo. Mwaka wa 2008 serikali iliutangaza mathenge kuwa gugu hatari. Wakulima na wafugaji wa Tana River, Garissa na Turkana wanaijua shida hiyo hiyo.

Kwa mtu aliyechoka kufyeka kwa panga, mashine ni kishawishi kikubwa. Tingatinga kubwa la kutengenezea barabara hung'oa kila kitu, lakini gharama yake ni ya juu na hukwangua udongo mzuri wa juu pamoja na nyasi. Hapo ndipo kinapoingia kijitingatinga cha magurudumu manne kiitwacho skidi-stia, ambacho watu wengi mijini hukiita Bobcat kwa jina la kampuni mojawapo inayokiunda. Huonekana sana penye ujenzi kikizoa kokoto na mchanga. Kikifungwa kifaa kinachofaa, huweza pia kusafisha shamba.

Mashine iliyozaliwa bandani

Kijitingatinga hiki hakikubuniwa kwa ajili ya msitu. Mwaka wa 1957 mafundi wawili ndugu, Cyril na Louis Keller, wa mji mdogo wa Rothsay katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, walimuundia mfugaji wa batamzinga mashine ya kuzolea samadi ndani ya banda lenye nguzo nyingi, mahali ambapo trakta haikuweza kugeuka. Mwaka uliofuata kampuni ya Melroe ya Dakota Kaskazini iliichukua kazi yao, na 1960 ikatoa mashine ambayo magurudumu yake yote manne yalikuwa na nguvu ya kusukuma.

Asili hiyo inaeleza uzuri wake na udhaifu wake. Haina usukani wa kukunja tairi kama gari. Magurudumu ya upande mmoja huzunguka kwa kasi kuliko ya upande wa pili, au hurudi nyuma, na mashine hugeuka papo hapo ilipo huku tairi zikiburuzwa ardhini. Kwa ufupi wake hupenya katikati ya miti ambayo mkulima anataka ibaki, kama vile migunga ya kivuli.

Lakini tumbo lake liko karibu na ardhi na hukwama juu ya visiki. Kwenye mteremko mkali au ukingo wa mtaro inaweza kupinduka, hasa dereva akiwa ameinua kifaa kizito juu. Tairi zake pia huisha haraka kwenye ardhi ya mawe kwa sababu ya kule kuburuzwa.

Faida yake kubwa iko mbele. Kwenye mikono ya kunyanyulia kuna bamba lenye pini mbili za kufungia. Ndoo inaweza kutolewa na kifaa kingine kikafungwa kwa dakika chache, na mashine moja ikafanya kazi nyingi. Uchaguzi huanzia hapo, na makosa pia huanzia hapo.

Mjue adui kabla ya kuchagua silaha

Wafugaji wa jimbo la Texas nchini Marekani wamepambana kwa muda mrefu na mesquite, ndugu wa karibu wa mathenge. Somo walilolipata linafaa Baringo na Tana River vilevile: kukata juu ya ardhi hakuuwi mti huo.

Sababu iko chini ya udongo. Sehemu ya shina iliyofukiwa, yaani shingo ya mzizi, ina vijicho vilivyolala. Vijicho hivyo hupatikana kuanzia usawa wa ardhi hadi kina cha sentimita 30 hivi. Shina likikatwa juu yake, vyote huamka kwa pamoja. Mzizi mkuu ukikatwa chini ya eneo hilo na kisiki kikatolewa, mti hufa.

Kwa hiyo mkulima hana budi kwanza kupita shambani na kutazama mambo matatu. La kwanza ni aina ya mimea iliyopo: je, ni mathenge, au ni nyasi ndefu na magugu ya msimu ambayo hayachipui kisikini? La pili ni unene wa mashina, unaopimwa karibu na ardhi. La tatu ni udongo: mchanga, mfinyanzi au mawe. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayochagua kifaa, wala si rangi ya mashine au maneno ya muuzaji.

Vifaa vinne na kazi zake

Kifaa kinachopatikana kwa urahisi zaidi ni slasha ya kuzunguka. Ni sanduku la chuma lenye upana wa kati ya mita 1.5 na 1.8, na chini yake kuna diski inayobeba visu viwili hadi vinne. Visu hivyo hushikwa kwa bolti nene na huweza kujikunja nyuma vikigonga jiwe. Slasha ya kawaida hukata mashina ya unene wa sentimita 7 hadi 10. Ni ya haraka na matunzo yake si magumu. Kwa nyasi ndefu na vichaka vyepesi haina mpinzani.

Kwa mathenge, slasha ni kinyozi. Inafaa kufungua njia, kusafisha mpaka wa ua na kupunguza matawi ili kifaa kingine kifike kwenye shina. Mkulima anayeitumia peke yake ajue kwamba atarudi msimu ujao, tena akikuta visiki vilivyochongoka vinavyongoja tairi zake.

Kifaa cha pili ni ngoma ya kusaga. Hii ni pipa la chuma lililopangwa meno magumu, linalozunguka kwa kasi na kuusaga mti kuanzia juu hadi chini. Huweza kumaliza mashina ya unene wa sentimita 15 hadi 20 kwenye mashine yenye nguvu, na huacha vipande vya mti vikifunika udongo usikauke wala kusombwa na maji. Lakini ni nzito, mara nyingi kati ya kilo 900 na 1,300, meno yake ni ya bei, na hutaka nguvu nyingi ya haidroli. Nayo pia huacha mzizi wa mathenge ukiwa hai ardhini.

Cha tatu ni jembe la kung'olea. Ni bamba nene la chuma lenye mwanya wa umbo la V na meno mbele. Dereva hulizamisha nyuma ya mti, hukata mzizi chini ya shingo na kuinua kisiki kwa mikono ya mashine. Jembe hili halina mota wala visu vinavyozunguka, kwa hiyo bei yake huwa ya chini kuliko vifaa vingine na vitu vya kuharibika ni vichache. Ndicho kifaa kinachomaliza mathenge.

Kasoro zake ni mbili. Huacha mashimo ambayo lazima yafukiwe, na hutegemea unyevu wa udongo. Ardhi ikiwa na maji kiasi baada ya mvua, mzizi hutoka mzima. Mfinyanzi ukikauka kama tofali, mashine hugugumia na shina hukatika juu ya vijicho. Mti ukizidi unene wa sentimita 15, mashine ndogo huanza kushindwa.

Cha nne ni mkasi wa haidroli, ambao mara nyingi huenda pamoja na makucha ya kubebea. Mkasi hukata shina karibu sana na ardhi na kuacha kisiki safi. Mfanyakazi hukipaka dawa ya kuua mizizi papo hapo, kabla ya jeraha la mti kukauka. Njia hii inafaa kwa miti minene ambayo jembe haliwezi. Dawa iwe ile iliyosajiliwa na bodi ya serikali inayosimamia dawa za shambani, na maagizo ya kwenye chupa yafuatwe. Makucha nayo hukusanya matawi yenye miiba bila mtu kuyagusa kwa mkono, kazi ambayo kwa vibarua huchukua siku nyingi na kuacha majeraha.

Hesabu ya haidroli

Kosa linalowagharimu wengi ni kununua kifaa bila kujua kama mashine inaweza kukiendesha. Slasha na ngoma havizungushwi na injini moja kwa moja. Huzungushwa na oili ya haidroli inayosukumwa na pampu kupitia mipira miwili hadi kwenye mota ya kifaa. Oili ikiwa kidogo kuliko inavyotakiwa, visu huzunguka polepole, hupasua mti badala ya kuukata, na oili huchemka.

Kuna hesabu ambayo mkulima anaweza kuifanya kwa kalamu. Kiasi cha oili kwa dakika, kwa lita, huzidishwa kwa presha ipimwayo kwa bar, kisha jibu hugawanywa kwa 600. Kinachopatikana ni nguvu kwa kilowati. Mashine inayotoa lita 75 kwa dakika kwa presha ya bar 200 ina kilowati 25, sawa na nguvu za farasi 33 hivi. Inayotoa lita 120 kwa presha hiyo hiyo ina kilowati 40, sawa na nguvu za farasi 53 au 54.

Vijitingatinga vingi vya kawaida hutoa kati ya lita 60 na 90 kwa dakika. Hizo zinatosha slasha. Ngoma ya kusaga kwa kawaida huhitaji mashine iliyoundwa kutoa oili nyingi, lita 100 na zaidi. Mfanyabiashara akiambiwa kwamba ngoma itafanya kazi kwenye mashine yoyote, aombe kitabu cha kifaa na kitabu cha mashine, aviweke pamoja na kulinganisha namba hizo mbili. Nambari zikikataana, aachane na biashara hiyo.

Uzito nao uangaliwe. Kila mashine ina kiwango cha mzigo inachoruhusiwa kubeba. Kwa kijitingatinga cha magurudumu kiwango hicho huwa nusu ya uzito unaotosha kukiangusha kifudifudi. Kifaa kikikaribia kiwango chenyewe kabla hata ya kubeba kisiki, mashine ni ndogo mno.

Jambo la tatu ni mpira mdogo. Mota nyingi za slasha na ngoma zina mpira wa tatu, mwembamba, unaorudisha kwenye tangi oili inayopenya ndani ya mota. Mashine isiyo na mahali pa kuuchomeka isifungwe kifaa kama hicho hadi fundi aiwekee njia hiyo. Wanaouziba mpira huo kwa bolti ili kazi iendelee hupasua sili za mota, na bei ya mota ni mara nyingi ya bei ya mpira.

Miiba na tairi

Mwiba wa mathenge hupenya tairi ya kawaida bila shida. Mashine ikipata pancha katikati ya kichaka, siku imepotea. Wanaofanya kazi hii hutumia tairi ngumu za mpira mtupu, au tairi za kawaida zilizojazwa povu zito linaloganda ndani badala ya upepo. Zote mbili huongeza uzito na huitikisa mashine zaidi, lakini hazipati pancha.

Kuna vijitingatinga vinavyotembea kwa mikanda ya mpira kama kifaru. Hivi hushika vyema kwenye mchanga na tope na havipinduki upesi. Lakini mkanda ukichanwa na kisiki kilichochongoka, gharama ya kuubadilisha ni kubwa. Kwa hiyo slasha isitangulie mahali ambapo mikanda itapita, isipokuwa visiki vimekatwa usawa wa ardhi.

Matunzo ya kila siku

Kazi ya kufyeka huichosha mashine kuliko kazi ya kuzoa mchanga. Vumbi, majani makavu, joto na mtikiso huja kwa pamoja. Mwenye mashine anayengoja kitu kivunjike ndipo aite fundi hula faida yake yote.

Asubuhi, kabla ya kuwasha, dereva azunguke mashine. Atazame oili ya injini, oili ya haidroli na maji ya rejeta. Atie grisi kwenye pini zote na kwenye beringi za kifaa, kwa kawaida kila baada ya saa 8 hadi 10 za kazi. Akaze bolti za visu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu, na kifaa kikiwa kipya azirudie baada ya saa moja ya kwanza. Kama slasha ina giaboksi, oili yake ipimwe pia.

Visu vinolewe pande zote sawasawa, kwa pembe ile ile ya kiwandani. Havitakiwi kuwa vyembamba kama kisu cha jikoni, kwa sababu makali membamba humeguka. Kisu kimoja kikivunjika, visu vyote hubadilishwa ili uzito wao ulingane. Kisu chepesi upande mmoja huitikisa slasha nzima, na mtikiso huo huua beringi kisha mota. Kisu kilichopasuka kisichomelewe. Chuma kilichochomelewa kinaweza kukatika kikiwa katika kasi na kuruka kama risasi.

Kwenye ngoma, meno yaliyovunjika au kulegea yabadilishwe siku hiyo hiyo. Jino likikosekana, kiti chake huanza kulika, na kiti ni kazi ya kuchomelea ambayo haiwezi kufanyika shambani bila vifaa.

Uchafu ndio adui mkubwa wa haidroli. Kabla ya kuunganisha mipira, vichwa vyake vifutwe kwa kitambaa safi. Punje ya mchanga ikiingia, huzunguka kwenye pampu, vali na mota, ikikwaruza kote. Filta za oili na za hewa zibadilishwe kwa saa zilizoandikwa kwenye kitabu, na mapema zaidi mahali pa vumbi jingi.

Kila baada ya saa chache, injini izimwe na majani yaliyojazana karibu na injini na rejeta yaondolewe. Majani makavu juu ya bomba la moshi ni moto unaosubiri. Kizima moto kiwe ndani ya mashine, si nyumbani. Taa ya joto la haidroli ikiwaka, dereva asimamishe kifaa na kuiacha injini ingurume polepole hadi oili ipoe.

Usalama si mapambo

Slasha inaweza kurusha jiwe au kipande cha mti hadi mita 90. Watoto wachungaji, ambao hupenda kuja kutazama mashine, wazuiwe mapema. Mlango wa mbele wa dereva uwe wa plastiki ngumu ya polikaboneti, kwani kioo cha kawaida hakihimili kishindo hicho. Dereva afunge mkanda, na kifaa kibaki chini karibu na ardhi wakati wa kutembea.

Visu huendelea kuzunguka kwa muda baada ya swichi kuzimwa. Hakuna anayepaswa kusogelea kabla havijasimama kabisa. Anayetaka kufanya kazi chini ya mikono iliyoinuliwa aiwekee kwanza nguzo yake ya chuma, asiitegemee oili kuishikilia.

Mpira wa haidroli ukivuja, mkono usitumike kutafuta tundu. Oili inayotoka kwa presha hiyo hupenya ngozi bila maumivu makubwa na kuozesha nyama ndani. Kipande cha boksi au ubao ndicho kitumike. Aliyepenywa apelekwe hospitali mara moja, hata kama jeraha linaonekana kama tundu la sindano.

Kukodi au kununua

Kwa mkulima mwenye ekari 10 au 20, kununua mashine yake mwenyewe ni vigumu kuhesabika. Itafanya kazi wiki chache na kulala mwaka mzima. Kukodi, au kikundi cha wakulima majirani kukodi kwa zamu ili gharama ya lori la kuileta igawanywe, kuna mantiki zaidi.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, na bei zake kila mtu abadilishe kulingana na eneo lake. Tuseme mashine hukodiwa Sh6,000 kwa saa pamoja na dereva na mafuta. Slasha humaliza ekari moja ya kichaka chepesi kwa saa moja, hivyo gharama ni Sh6,000. Jembe la kung'olea huchukua saa tatu kwa ekari, hivyo gharama ni Sh18,000. Mkulima anayetazama siku moja huchagua slasha.

Lakini mathenge huchipua. Akifyeka mara mbili kwa mwaka kwa miaka mitatu, atakuwa amelipa Sh36,000 kwa ekari ile ile, na visiki bado viko. Aliyeng'oa hulipa Sh18,000 mara moja, kisha tuseme Sh2,000 za vibarua kila msimu kung'oa miche. Kwa misimu mitano inayofuata hiyo ni Sh10,000. Jumla ni Sh28,000, na shamba ni lake.

Kwa mfanyabiashara anayetaka kununua mashine ili aikodishe, faida hutokana na saa za kazi katika mwaka. Akinunua iliyotumika, asiamini saa zilizoandikwa kwenye mita peke yake. Atazame pini kama zimelegea, anuse oili ya haidroli kama imeungua, na amlipe fundi apime kiasi halisi cha oili kwa dakika injini ikiwa moto. Ahakikishe bamba la kufungia ni la vipimo vya kawaida, ili asifungwe kwenye vifaa vya kampuni moja. Aulize mapema vipuri vinapatikana wapi na kwa muda gani. Mwenye jembe la kung'olea na makucha anaweza kuanza na mtaji mdogo kuliko mwenye ngoma, na mkulima wa mathenge anamhitaji zaidi.

Mkataba uandikwe hata baina ya jamaa. Useme kama malipo ni kwa saa au kwa ekari, saa zinahesabiwa kwa mita ya mashine au kwa saa ya mkononi, nani analipia usafiri, na nani anagharamia kisu kikivunjikia kwenye jiwe lililofichika. Useme pia visiki viondolewe hadi kina gani. Neno "kusafisha" pekee limezua ugomvi mwingi, kwani mwenye mashine hulielewa kuwa kukata na mkulima hulielewa kuwa kung'oa.

Baada ya mashine kuondoka

Mbegu za mathenge hubaki hai ardhini kwa miaka, na mifugo huzisambaza kwenye kinyesi baada ya kula maganda. Kwa sababu hiyo kazi ifanywe kabla maganda hayajakomaa, na mashine ioshwe tope na maganda kabla ya kuhamia shamba la jirani. La sivyo aliyekodi wa pili hulipia kupandiwa mathenge.

Mashimo yafukiwe na nyasi zipandwe mara moja, zikiwemo zinazostahimili ukame kama Cenchrus ciliaris. Ardhi iliyoachwa tupu huishia mikononi mwa mathenge tena. Matawi na visiki vinaweza kuwa kuni, nguzo au makaa, na mauzo yake yakapunguza gharama ya mashine. Anayetaka kuchoma makaa ya kuuza apate kwanza maelezo ya vibali kutoka ofisi ya misitu iliyo karibu.

Kisha kila baada ya mvua, mkulima apite shambani na jembe la mkono. Mche wa mathenge wenye urefu wa kiganja hung'oka kwa vidole viwili. Ukiachwa miaka miwili hudai mashine, dereva na lori. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mathenge ukuta huo una miiba.